Bwawa la Jangwani Linaloishi kwa Bomba



Tarehe 2 Februari 1967, watu waliohesabu ndege katika oasisi ya Azraq, mashariki ya Yordani, walipata ndege 347,000. Tarehe 2 Februari 2000, siku ileile na mahali palepale, walipatikana ndege 1,200. Gawanyeni wenyewe: palipokuwa na ndege karibu mia tatu, amebaki mmoja.

Mtu akisikia hivyo hudhani palipita vita, au palimwagwa sumu, au wawindaji walijimwaga pale na bunduki zao. Lakini kati ya hesabu hizo mbili Azraq ilipata ulinzi ambao haikuwahi kuwa nao tangu iumbwe. Iliandikwa katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu zenye thamani, ikawekewa mipaka, ikatangazwa hifadhi, ikapewa askari wa kuilinda. Ndani ya mipaka hiyo, askari wapo na karatasi zimekamilika, ikafa. Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo.

Kwanza tupaone penyewe.

Azraq iko kilomita mia moja hivi kutoka Amman, jiji kuu la Yordani. Ukielekea mashariki unaacha vilima na mizeituni, halafu unaingia nchi iliyotapakaa mawe meusi, meusi kama yaliyotoka tanuruni jana. Ni mawe ya volkeno. Mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 100. Hapa Mombasa mwezi wa Mei peke yake hutupa zaidi ya hizo, tena bila kututaka radhi. Jua likipanda, mawe yale hayakanyagiki.

Hata kwenye mawe hayo kuna ndege, na nawaomba tumtazame mmoja kabla hatujafika majini. Anaitwa kipozamataza wa jangwani. Katika nchi nyingi ana rangi ya mchanga, rangi ya vumbi tu. Kwenye mawe meusi ya upande huu wa Yordani na Syria, ndege huyohuyo ni mweusi-kahawia, na akitulia juu ya jiwe unaweza kumtazama usimwone. Ukisogea hadi kwenye mchanga mweupe, unamkuta ndugu yake mweupe. Mwewe, kwa karne nyingi, wamemla kila aliyejitokeza kwa rangi yake, na waliobaki ni hao wanaofanana na mahali wanapoishi. Huyu hahitaji bwawa. Nimemtaja ili mjue kwamba jangwa lile lina wenyeji wake, na kwamba maji yalipokauka si wote waliopotea.

Sasa maji. Yametoka wapi katika nchi isiyo na mvua?

Mvua na theluji za milima ya Jabal al-Druze, ng'ambo ya mpaka wa Syria, hunywewa na mawe yenye nyufa, kisha husafiri chini kwa chini, polepole mno, miaka na miaka, hadi mahali ambapo ardhi imebonyea. Mahali hapo ndipo Azraq. Bonde zima linaloleta maji yake huko lina ukubwa wa kilomita za mraba 12,700 hivi, yaani si mbali na ukubwa wa kaunti yetu ya Kilifi. Zamani maji hayo yakifika pale katikati yalitokeza juu yenyewe, bila ndoo wala kamba. Upande wa kaskazini zilikuwepo chemchemi za kijiji cha Wadruzi, na upande wa kusini, penye kijiji cha Wachecheni, zilikuwepo Ain Soda na Ain Qaisiyah. Zilijaza mabwawa ya maji matamu, na kuzunguka mabwawa hayo yakasimama matete marefu kumpita mtu.

Kando ya matete kuna kitu kingine kabisa. Ni uwanda wa tope, mpana, unaoitwa Qa' al-Azraq. Kiangazi ni mkavu, umepasuka, umeota chumvi juu yake. Watu wa Azraq walikuwa wakivuna chumvi huko na kuiuza. Lakini mvua za msimu wa baridi zikija vizuri, kila korongo kavu la bonde lile humwaga maji yake hapo, na uwanda hugeuka ziwa la kina cha goti. Udongoni mmelala mayai ya viumbe wadogo mfano wa uduvi, yakingoja maji miezi mingi, pengine miaka. Yakipata maji yanaanguliwa kwa pamoja, na ghafla ziwa lote ni chakula.

Kwa hiyo Azraq ina makao mawili. Mabwawa ya chemchemi, yenye maji mwaka mzima, yenye matete na samaki na giza la kujificha. Na uwanda wa tope, unaokuja na kuondoka, ulio wazi, wenye chumvi. Kila moja lina ndege wake. Ndani ya matete mnakaa ndege wadogo wa kahawia ambao utawasikia siku nzima usiwaone, na makorongo wafupi wanaoshika mabua mawili kwa miguu miwili na kusimama hivyo kama wamening'inizwa. Ukingoni yangeyange wanavizia samaki, vitwitwi wanakimbia huku mikia ikicheza juu na chini. Uwanda ukijaa, huja bata kwa makundi, huja wale wenye miguu mirefu myekundu wanaotembea majini bila kulowesha tumbo, na wale weusi kwa weupe wenye mdomo uliopinda kwenda juu, ambao hulisha kwa kuupeleka mdomo kushoto na kulia ndani ya maji kama mtu anayefyeka nyasi. Mwaka mzuri huja hata heroe. Ndege 347,000 wa mwaka 1967 hawakuenea katika matete peke yake. Umati kama huo unahitaji maji mapana yaliyo wazi.

Watu nao waliijua Azraq mapema, na ninaposema mapema sina maana ya juzi. Mwaka 2016 kundi la watafiti lililoongozwa na April Nowell wa Chuo Kikuu cha Victoria, Kanada, lilitangaza kwamba limepata mabaki ya protini za wanyama kwenye zana za mawe zilizochimbuliwa katika bwawa la Shishan, upande wa kusini wa Azraq. Zana hizo zina umri wa miaka 250,000 hivi. Mabaki yalikuwa ya kifaru, ya farasi, ya ng'ombe mwitu, na ya bata. Bata! Binadamu ambaye hata hakuwa wa aina yetu alikaa ukingoni mwa maji yale, akamchuna bata kwa kipande cha jiwe, akalitupa jiwe, na alama ya mlo wake ikabaki. Tangu hapo wamepita wengi. Watawala wa ukoo wa Umayya walijenga ukuta wa mawe meusi kuzunguka maji. Kuna ngome ya mawe hayohayo ambamo Mwingereza T. E. Lawrence alikaa na wapiganaji wa Kiarabu majira ya baridi ya mwaka 1917 kuingia 1918. Wachecheni walikuja kutoka Kaukasi, Wadruzi wakashuka kutoka milima ya Syria. Wote hao walikunywa, walinywesha mifugo, walivua, waliwinda, na chemchemi hazikuonyesha hata dalili ya kuchoka.

Katika miaka ya 1960 walifika wataalamu wa ndege kutoka Uingereza: Guy Mountfort, Max Nicholson, na Julian Huxley aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa UNESCO. Walichokiona kiliwashangaza, wakapendekeza kwa serikali ya Yordani kwamba Azraq ifanywe mbuga ya taifa. Mwaka 1966 ikaanzishwa Jumuiya ya Kifalme ya Uhifadhi wa Maumbile, ambayo hadi leo ndiyo inayosimamia hifadhi nyingi za nchi hiyo. Bryan Nelson, mtaalamu wa ndege wa baharini, naye aliishi Azraq na kuiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1973. Mwaka 1977 Yordani ikajiunga na Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu, na Azraq ikawa ndiyo eneo lake la kwanza kuorodheshwa. Mwaka 1978 ikawa hifadhi rasmi, ukubwa wake kilomita za mraba 12.

Shikeni hiyo namba, kilomita 12. Bonde linaloleta maji lina kilomita 12,700.

Sasa njooni pwani yetu. Nyumba mbili jirani, Kisauni au Likoni, kila moja ina kisima uani. Kati yao kuna ukuta wa matofali, umetiwa vioo juu. Jirani mmoja anapata pesa, ananunua pampu ya umeme, anajaza matangi, anauzia mtaa mzima. Baada ya miezi, kisima cha mwenzake kinatoa tope. Ukuta uko palepale, haujaguswa. Anaweza kuurefusha hadi mawinguni, maji hayatarudi, kwa kuwa maji ya chini hayana habari na ukuta.

Hayo ndiyo yaliyotokea Azraq. Miaka michache tu baada ya hifadhi kutangazwa, mwanzoni mwa miaka ya 1980, visima virefu vya serikali vilianza kuvuta maji ya bonde lile na kuyapeleka Amman kwa bomba. Wakati huohuo wakulima walichimba vyao, mamia, vingi bila kibali, wakapanda mizeituni, mizabibu, na majani ya mifugo katikati ya jangwa. Wataalamu wa maji wamekadiria kwamba bonde linaweza kutoa mita za ujazo milioni 24 hivi kwa mwaka bila kuumia. Kilichokuwa kikivutwa kilipita maradufu ya hapo. Chovya-chovya humaliza buyu la asali, na hapa walichovya kwa pampu za dizeli usiku na mchana.

Siwalaumu watu wa Amman, na nisingependa msikilizaji awalaumu. Yordani ni miongoni mwa nchi zenye maji machache kabisa duniani. Fungu la kila mtu kwa mwaka, ukijumlisha ya kunywa, ya shamba na ya kiwanda, halifiki mita za ujazo 100, na wataalamu huita uhaba mkubwa mno chochote kilicho chini ya 500. Jiji la Amman lilipokea Wapalestina mwaka 1948, likawapokea tena 1967. Vita vya Ghuba vya 1990 na 1991 viliwarudisha maelfu kwa maelfu waliokuwa wakifanya kazi Kuwait. Baadaye wakaja Wairaki, kisha Wasyria. Mama aliyefungua bomba akajaza ndoo Amman mwaka 1985 hakuwa adui wa bata. Lawama yangu naipeleka kwengine: kwa waliochora ramani ya hifadhi wakaona kazi imekwisha, na kwa waliochimba visima wakaona ramani hiyo haiwahusu. Kila ofisi ilitimiza wajibu wake, na bwawa likakauka katikati yao.

Mwaka 1990 Azraq iliingizwa kwenye daftari la Montreux, ambalo ni orodha ya ardhi oevu za Ramsar zilizo hatarini. Yaani hata kengele ililia. Chemchemi za kaskazini zilitangulia kukata, za kusini zikafuata, na ilipofika 1992 hapakuwa na hata moja inayotoa tone. Mahali palipotoa maji kwa robo milioni ya miaka palikatwa na pampu za muongo mmoja na ushei. Matete yakakauka, tope la bwawa likapasuka vipande, nyati wa maji waliokuwa wakilishwa pale wakaondolewa au wakafa, na ndege waliofika majira ya kuchipua walikuta mawe tu.

Kurudisha kulianza katikati ya miaka ya 1990, kwa msaada wa mashirika ya Umoja wa Mataifa. Na hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu kuyaeleza bila kucheka kidogo. Wizara ya maji ilikubali kuipa hifadhi fungu lake la maji kila mwaka. Maji hayo yanatoka wapi? Yanatoka visimani, chini ya bonde lilelile. Yaani maji yanavutwa kwa pampu kutoka ardhini, yanapitishwa kwenye bomba, yanamwagwa mahali ambapo hapo awali yalitokeza yenyewe bure. Jumuiya haikujidanganya kwamba itarudisha yote. Ilijiwekea lengo la asilimia 10 ya eneo la zamani. Wako wanaolicheka lengo hilo. Mimi naliheshimu; mtu anayekwambia anaweza kuokoa sehemu moja katika kumi, na akafanya hivyo, namwamini kuliko anayeahidi zote.

Kulikuwa na kiumbe mmoja ambaye asilimia hiyo ilikuwa kufa na kupona kwake. Ni samaki mdogo, urefu wa kidole cha mtoto, dume lake lina mistari myeusi ya kusimama ubavuni. Wanasayansi walimpa jina la Aphanius sirhani mwaka 1983. Duniani kote hapatikani kwengine: ni Azraq peke yake. Chemchemi zilipokauka, ilikuwa rahisi kuandika kwamba amekwisha. Kumbe wachache walikuwa wamejibana kwenye dimbwi. Mwaka 2000 mpango wa kumwokoa ulianza. Walikusanywa, wakawekwa kwenye bwawa lililotengwa, wakazaana, kisha wakarudishwa hifadhini. Na mnajua waliomtesa zaidi baada ya ukame? Perege. Watu waliwatia perege mabwawani, na perege, kama anavyojulikana na kila mfugaji wa samaki hapa kwetu, akipata nafasi hamwachii mtu chakula wala pa kutagia.

Kisha kuna nyati wa maji, waliorudishwa kwa kazi maalumu. Matete yakiachwa peke yake huziba bwawa lote, na bwawa lililoziba ni la ndege wa matete pekee. Bata hawana pa kutua, wenye miguu mirefu hawana pa kutembea. Kukata matete kwa mikono kila mwaka ni gharama na ni kazi isiyokwisha. Nyati anaingia hadi shingoni, anang'oa machipukizi, anatafuna, anasogea, na nyuma yake panabaki njia ya maji wazi na tope lililotibuliwa, limejaa vijidudu. Vitwitwi wanalijua hilo. Humwandama nyati kwa karibu kabisa, hata mbele ya pua yake, wakidaka nzi anaorusha. Atakayekwenda leo atapita kwenye njia ya mbao juu ya maji, atafika kibanda cha udongo chenye matundu ya kutazamia, na akituliza miguu ataona biashara hiyo kati ya nyati na ndege.

Je, ndege wamerudi? Wamerudi wa matete, na wa ukingoni, na wasafiri wengi wa majira ya kuchipua. Umati wa bata wa 1967 haukurudi. Sababu si chemchemi peke yake: kwenye mikondo inayoingia Azraq yamejengwa mabwawa ya kukinga maji ya mvua, kwa hiyo hata uwanda wa Qa' haujai kama ulivyokuwa ukijaa. Mwaka mmoja mmoja mvua ikikithiri, unafurika, na ndege hutokea kwa maelfu kana kwamba walikuwa wamejificha nyuma ya kilima. Hawakujificha. Wanapita juu kila mwaka, wanaangalia chini, wakiona maji wanashuka.

Kuna atakayeniuliza: bwana wee, ndege wa Waarabu wanatuhusu nini sisi?

Wengi wao ni wetu, au tuseme ni wa pande zote mbili. Njia kubwa ya ndege wanaohama kati ya Ulaya na Asia na Afrika inapita Yordani, inashuka kwa Bahari ya Shamu na Bonde la Ufa. Yule kitwitwi wa manjano anayetembea miguuni mwa ng'ombe wenu kuanzia Oktoba, ambaye ikifika Aprili hamumwoni tena, hazaliwi huku. Keremkerem wa Ulaya wanaopita angani wakiitana, mbayuwayu wanaojaa kwenye nyaya za umeme, wote hao huiona Arabuni mara mbili kwa mwaka. Ndege wa gramu kumi na kitu hawezi kuvuka jangwa kubwa kwa tumbo tupu. Kabla ya kuvuka hula hadi mafuta yajae chini ya ngozi, wengine hukaribia kuzidisha uzito wao mara mbili. Azraq ni mojawapo ya vituo vichache vya kulia na kunywa kwa mamia ya kilomita. Kituo kikifungwa, wenye nguvu wanapitiliza. Dhaifu haandikwi popote, ila tu kwetu Oktoba ile wanafika pungufu.

Tuna mahali petu pa kulipima hilo. Mwaka 1969 ilifunguliwa loji ya Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi. Ikagundulika kwamba usiku wa Novemba na Desemba, mwezi usipokuwepo na ukungu ukishuka, taa za loji huvuta ndege wahamiaji kwa wingi usio wa kawaida. Tangu mwaka huo wataalamu na wasaidizi wao hutandaza nyavu laini, wakamtoa kila ndege kwa uangalifu, wakampima bawa na uzito, wakamvika pete ndogo yenye namba, wakamwachia. Mamia ya maelfu wamepita mikononi mwao. Anayeongoza kwa wingi ni ndege mdogo wa kahawia wa vichaka vya mabondeni, jamaa ya wale wa matete, anayezaliwa Ulaya na kushuka kwetu kupitia Mashariki ya Kati.

Kwa sura hana lolote. Lakini mwaka 1979 mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire alichapisha utafiti wake wa Ubelgiji juu ya wimbo wa ndege huyo, na ni utafiti wa kufurahisha. Dume anapoimba kutafuta mke, wimbo wake wote ni sauti za ndege wengine alizoziiga. Kwa wastani dume mmoja huiga aina zaidi ya sabini. Na zaidi ya nusu ni ndege wa Afrika, aliowasikia akiwa kinda katika safari yake ya kwanza na alipokaa huku. Mkulima wa Ubelgiji anafungua dirisha mwezi wa Juni, anasikia sauti za vichaka vya Tsavo, na wala hajui.

Na tukiwa Ngulia, tushuke kidogo hadi Mzima, kwa kuwa nimesema mengi juu ya bomba la Amman na si haki kulinyamazia letu. Chemchemi za Mzima ziko ndani ya mbuga hiyohiyo. Maji yake hutoka milima ya Chyulu, yakapenya mawe meusi ya volkeno, yakasafiri chini kwa chini hadi yakatokeza katikati ya nyika, yakatengeneza mabwawa ya viboko na samaki na mitende. Tangu miaka ya 1950 sehemu ya maji hayo inakuja Mombasa kwa bomba la zaidi ya kilomita 200, na habari ya bomba la pili imezungumzwa miaka mingi. Mimi nayanywa, nawe wa Voi na Mariakani unayanywa. Mzima ingali inatoka, tena kwa nguvu. Ila mvua yake inanyesha Chyulu, na afya ya chemchemi iliyo mbugani inategemea misitu na visima vilivyo mbali nayo. Mhandisi akileta ramani ya bomba jipya, swali la kwanza la kumuuliza ni kiasi gani kitaachwa kwa mabwawa katika mwaka wa ukame, na nani atasoma mita.

Huko Yordani mwaka 2013 lilifunguliwa bomba la kutoka Disi, kusini ya nchi, kilomita 325 hadi Amman, lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 100 kwa mwaka. Wengi walitumaini kwamba Azraq itapumzishwa. Mwaka uliofuata, 2014, ilifunguliwa kambi ya wakimbizi wa Syria iliyochukua jina la Azraq, kilomita ishirini hivi kutoka mjini, na Amman nayo haikuacha kukua. Pampu zinaendelea. Serikali imekuwa ikifunga visima visivyo na kibali, wakulima wanalalamika, na jumuiya ya uhifadhi kila mwaka inafuatilia fungu lake la maji.

Kabla sijaondoka, jambo moja kwa walio karibu na Tsavo, Taita na kokote kwengine. Msimu wa wahamiaji, ukimwokota ndege aliyekufa na mguuni ana pete, usiitupe. Andika herufi na namba zote zilizomo, bila kuruka hata moja, uandike na tarehe na mahali ulipomkuta, kisha peleka habari hiyo kitengo cha ndege cha Makumbusho ya Taifa, Nairobi, hata kama pete imeandikwa jina la nchi nyingine. Ukimkuta yu hai, soma namba ukiwa umemshika taratibu, kisha mwachie na pete yake.